Mkeka wa Mdhamini

Kazi ya ukalimani mahakamani imenigharimu sikio la kushoto, miwani mitatu, na mkeka mmoja wa ukindu ambao si wangu. Nimehesabu mara mbili, nikapata vile vile. Sikio ni la upande wa kizimba. Washtakiwa wa miaka yote wamelisemea hilo, wengine kwa kunong'ona, wengine kwa ukali, nalo likaona listaafu kabla yangu. Miwani ni uzee tu. Mkeka ndio ulionikalisha chini kuandika, maana umesimama nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Msambweni, umekunjwa na kufungwa kamba, na kila nikifunga mlango hunigusa bega kama mtu mwenye swali.

Nyinyi makarani wapya mmeniomba niwaandikie ya kazini. Ya vyeo na mishahara mtayasoma kwenye mafaili, ikiwa panya wamebakiza. Mahakama yenyewe siitaji jina; ni moja ya hizi za huku Kusini mwa Pwani, na kuta zake zingali na masikio mazuri kuliko yangu.

Kabla ya kuajiriwa nilikuwa nikiuza vinyago ufukweni Diani. Hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza, na Kitaliano cha kutosha kumzuia mtu asiondoke. Mfanyabiashara wa ufukweni hujua jambo moja ambalo chuoni hawafundishi: mteja akisema neno, usiangalie kinywa chake, angalia mkono wake uko wapi. Mkono ukiwa bado umeshika kinyago, lile "hapana" bado halijaiva. Nilikwenda mahakamani na elimu hiyo, nikidhani inatosha.

Siku ya kwanza nilipewa kesi ya mbuzi. Mbuzi wa mtu wa Bodo alikuwa amepotea, na kilichopatikana ni ngozi. Mshtakiwa hakuleta ubishi. Alisema kwa Kidigo kwamba alimchukua, akamchinja, akamla. Nami nikasimama kwa heshima zote nikamwambia hakimu kwa Kiingereza: huyu anasema kwamba alimchukua, anasema kwamba alimchinja. Nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa Mzee Omari, mkalimani mkuu, aliyekuja kunitazama.

Tulipotoka nje aliniuliza, "Huyu 'anasema' ni nani? Umekuja naye wewe?"

Sikumwelewa.

"Kizimbani kuna mtu mmoja, na wewe ndiye kinywa chake. Akisema 'nilimla', wewe pia umemla. Usijifiche nyuma yake."

Mchana nikarudi, nikakiri kwa sauti, kwa nafsi ya kwanza, kwamba nilimla mbuzi wa watu. Shemeji yangu alikuwa ameketi benchi la nyuma kwa shauri lake jingine. Jioni mke wangu aliniuliza kama alikuwa mnono.

Huyo Mzee Omari ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Kinondo, mwembamba, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya mvua. Chombo chake kilikuwa kimoja, kamusi ya Kiingereza iliyokwisha kupoteza jalada, naye ameishonea nguo ya gunia la unga. Hakuwa akiisoma kama watu wengine. Maana aliiruka. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale maandishi madogo yanayoeleza neno lilizaliwa wapi, likapitia kwa nani, likafika kwa Waingereza likiwa na nguo gani.

Aliniambia, "Kwetu mgeni akibisha hodi, hukaribishwa, akapewa maji, kisha huulizwa. Mbari gani? Na fuko gani?" Mbari ni ukoo wa upande wa baba, na fuko ni ukoo wa upande wa mama, na Mdigo wa zamani hakukujua mpaka ayajue yote mawili. "Neno la Kiingereza pia ni mgeni. Usimpe kitanda kabla hujajua kwao."

Hivyo kila asubuhi, kabla ya hakimu kuingia, tulimkalisha mgeni mmoja tukamhoji. "Alibi" tulimkuta ni Mlatini, na kwao maana yake ni mahali pengine tu. Mzee Omari akasema huo ni utetezi wa kila mume. "Evidence" ametoka kwenye kuona. "Verdict" ni kusema kweli, jambo ambalo alilisoma mara mbili, akanitazama, akafunga kitabu. "Court" yenyewe tulikuta ni ua, kiwanja kilichozungushiwa, kama ua wa nyumba ya mtu. Akasema basi wote tumo uani kwa watu, tukae kwa adabu. Wengine walikuwa ndugu zetu kabisa. "Tariff" na taarifa yetu ni watoto wa Mwarabu mmoja. "Cipher" na sifuri vivyo hivyo. "Magazine" alikuwa ghala kabla hajawa karatasi ya picha. Nilimwambia Mzee Omari kwamba Wazungu wamechukua mali kwa jirani yetu, wakaizungusha bahari zote, wakaja kutuuzia sisi kwa bei ya ufukweni. Akasema mimi bado nina vinyago kichwani.

Jina la kazi yetu pia tulilihoji. Kwa Kiingereza ni "interpreter", na Warumi wa kale walimwita kwa neno hilo dalali, anayesimama baina ya watu wawili mpaka jambo lao liishe. Nikasema hilo silishangai, ila dalali hupata chake. "Chako," akaniambia, "ni watu kusahau kwamba ulikuwepo."

Lakini lisikieni na hili, maana vijana wengi hukimbia na nusu ya somo. Alinionya kwamba kujua kwao mtu si kujua tabia yake. Mjukuu wa hamali aweza kuwa waziri. Asili ya neno ni ya kukupa wewe heshima nalo, si ya kumsomea hakimu. Hakimu anataka neno lilivyo leo, na limevaa nini leo.

Alinitajia hamali kwa sababu asubuhi hiyo mgeni wetu alikuwa "bail", yaani dhamana. Tulimfuata mpaka kwa Warumi, tukamkuta bandarini: ni mchukuzi, mtu wa kubeba mizigo mgongoni kwa ujira. Mzee Omari aliweka kidole juu ya neno hilo. Kisha akasema, "Ukimwona mdhamini anatia sahihi huku anacheka, mrudie. Mweleze tena. Hajauona mzigo." Tangu siku hiyo kila mdhamini nilimweleza mara mbili. Watu walidhani ni usahaulifu.

Mzee Omari alistaafu, na baadaye akatangulia mbele ya haki. Kamusi akaniachia mimi. Miaka ikapita, ndipo akaja hakimu mmoja mwanamke, mtu wa bara. Kiswahili chake kilikuwa cha mkato, kama mtu anayelipia kila silabi, lakini alijifunza upesi kwamba huku mtu hakwambii shida yake kabla hamjamaliza kuulizana hali. Alipoiona ile kamusi yenye nguo ya gunia aliniuliza habari zake, nikamweleza. Basi ikawa kila chai ya saa nne hunipitia mezani. "Karani, wa leo ni nani?" Nami nikimtajia ukoo wa neno, huondoka na kikombe chake akitafakari.

Wakati wake ndipo ilipokuja kesi ya Rama.

Rama alikuwa kijana wa Gazi, alishtakiwa kuiba mashine ya boti ya kikundi cha wavuvi. Alikana. Hakimu akampa dhamana, kwa sharti la mdhamini mmoja mwenye hati ya shamba. Baba yake Rama alikuwepo, amekaa benchi la pili, mikono mapajani. Aliyesimama ni mzee mwingine, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa na macho ya mtu asiyekopa. Alisema jina lake ni Kassim, ana shamba la minazi Kinondo, na Rama ni mtoto wa dada yake.

Hakimu akauliza, baba yuko hapa, kwa nini asimame mjomba?

"Baba yake amemzaa, Mheshimiwa," akasema Mzee Kassim. "Lakini akiharibu, wanaokuja kuulizwa ni sisi. Ni wa fuko letu."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na ugomvi. Ndivyo mambo yalivyo. Nikamchukua Mzee Kassim kando nikamweleza. Kijana asipokuja, mahakama italifuata shamba. Nikamrudia tena, neno kwa neno.

"Nimesikia mara ya kwanza, mwanangu," akaniambia. "Ya pili umenipa bure."

Akatia sahihi. Hakucheka.

Rama alihudhuria, akahudhuria, kisha siku ya mashahidi hakuonekana. Wakasema amevuka mpaka pale Lunga Lunga, yuko upande wa Tanga kwa rafiki. Hakimu akatoa hati ya kumkamata, na Mzee Kassim akaitwa aje aeleze kwa nini shamba lisichukuliwe.

Siku hiyo nilikuwa langoni nikizungumza na askari. Mzee akaja na mkeka begani, umekunjwa vizuri, na kifurushi kidogo ndani yake mkiwa na kikoi, mswaki na tasbihi. Askari, mgeni kutoka bara, akamwuliza mkeka ni bei gani. Mzee akamjibu kwa upole kwamba huu hauuzwi, ni wa kulalia. Tukadhani anatoka safarini.

Kesi ilipoitwa aliingia na mkeka wake, akausimamisha kando ya kizimba kama shahidi wa pili. Hakimu akamwuliza kijana yuko wapi. Akasema hajui. Akamwuliza, basi mahakama ikichukua shamba, ana la kusema?

Maneno aliyoyasema ndiyo magumu kuliko yote niliyowahi kuyabeba katika kazi hii, ingawa hakuna hata moja lililohitaji kamusi. Kwa desturi ya kazi niliyasema kwa Kiingereza kama yangu mwenyewe, nafsi ya kwanza, nimesimama wima. Kwa Kiswahili yalikuwa haya:

"Shamba lina jina langu, Mheshimiwa, lakini si langu peke yangu. Niliachiwa na mjomba wangu, naye aliachiwa na wake. Wapo wadogo ambao hawajazaliwa, nao wana chao mle. Siwezi kulitoa. Mwili huu ndio wangu. Nimekuja nao. Nimeshaaga nyumbani."

Kwenye benchi mtu mmoja alianza kucheka, akaona amebaki peke yake, akajifanya anasafisha koo. Msifikiri mzee hakuelewa sheria. Alielewa kuliko wengi. Alikuwa anapatana bei. Mahakama imetaja shamba, yeye ametaja mwili, na mimi niliyekaa ufukweni najua sauti ya mtu aliyefika bei yake ya mwisho. Mkono wake ulikuwa umeshika mkeka.

Hakimu akaniambia, "Mweleze kwamba sheria huanza na mali. Mwili huja mwisho kabisa, mali isipotosha."

Nikamweleza. Mara moja tu. Ya pili sikuweza.

Mzee Kassim akafikiri. "Basi naomba nianzie mwisho," akasema.

Hakimu akavua miwani. Mwendesha mashtaka alisimama akasema anasikitika, lakini karatasi ilitiwa sahihi ya shamba, si ya mtu. Na kweli ilikuwa hivyo. Hakimu akatoa amri: kijana aletwe kabla ya tarehe ijayo ya kesi, ama siku hiyo shamba litachukuliwa. Mdhamini aende nyumbani.

Saa ya chai hakimu alikuja mezani pangu bila kikombe. "Karani. 'Bail.' Kwao ni wapi?"

Nikamwambia. Mchukuzi wa bandarini, mzigo mgongoni. Nikamwambia kwamba hata katika sheria ya hao Waingereza, ukirudi nyuma sana, mdhamini alikuwa mtu aliyekabidhiwa mtu, na mtu akitoroka aliulizwa yeye.

Aliigusa ile nguo ya gunia ya kamusi. "Neno limeacha kubeba watu siku nyingi," akasema. "Huyu mzee ndiye hajaambiwa. Nami kazi yangu ni neno la leo." Akarudi chumbani kwake. Sikumlaumu, na nyinyi msimlaumu. Lilikuwa somo lile lile la Mzee Omari, ila safari hii lilikuwa na uzito.

Mzee Kassim hakwenda nyumbani. Alisema mtu aliyeaga hawezi kurudi jioni kuuliza chakula kiko wapi. Usiku alilala msikitini kwa rafiki yake imamu, na asubuhi, milango ikifunguliwa, alitandika mkeka barazani chini ya ubao wa matangazo, akakaa mpaka milango ifungwe. Hakuomba lolote wala hakumzuia mtu njia. Wafanyakazi wa mahoteli ya Diani waliokuja kwa mashauri yao walimdhani mwombaji, mmoja akamwekea soda. Mzee akamwita akamrudishia. "Ahsante, mwanangu. Mimi si mwombaji. Mimi ni mdhamini." Yule kijana, Mkamba wa jikoni hotelini, alikaa naye nusu saa. Nadhani habari ilianzia hapo kutembea. Ikafika Ukunda, ikashuka Gazi, ikapanda pikipiki mpaka mpakani.

Binti yake, Mwanatumu, alimletea chakula kila mchana. Mkeka ule aliusuka yeye. Siku moja nilimsikia akimwambia babake, "Huu nilikusukia wa kuswalia, baba, si wa kufungwa nao."

"Na ninauswalia," mzee akajibu.

"Shamba hilo ninalilima mimi. Na mimi si wa fuko lako, ni wa fuko la mama. Rama angekuwa hapa angelirithi yeye. Wewe unamkalia nani hapa?"

Mzee alimega mhogo, akatafuna taratibu. Mwanatumu alipopita kwangu na sahani tupu alisimama. "Wewe mwenye kitabu cha maneno," akaniambia, "hili analolifanya baba lina jina?" Nikamwambia bado ninatafuta. Mpaka leo.

Tarehe ilikaribia. Nilishaanza kumtazama Mzee Kassim jinsi unavyomtazama mtu hospitalini. Basi asubuhi moja nilifika mapema, nikamkuta barazani si peke yake. Pembeni mwa mkeka, miguu nje, alikaa Rama, amekonda, shati la kuazima. Nilisimama nyuma ya nguzo. Sioni haya kusema nilisikiliza. Ndiyo kazi yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Mzee akafungua kifurushi, akampa mhogo uliobaki wa jana. Rama akala, kichwa chini. Alipomaliza, mzee akamfuta makombo shatini kwa kiganja, kama mtoto wa madrasa. "Haya," akasema. "Milango inafunguliwa."

Kizimbani Rama alibadilisha jibu lake. Alisema, na mimi nikasema naye: mashine niliichukua mimi. Akafungwa. Hati ya shamba ikarudishwa, nami ndiye niliyemkabidhi mzee mkononi. Aliikagua, akairudia tena, nikampenda kwa hilo. Kisha akakunja mkeka, akaufunga kamba, akanipa.

"Niwekee. Nilitoka nao nyumbani nikiwa nimeaga. Rama akitoka, tutaurudisha pamoja."

Nikamwambia mahakama haina ghala la mikeka.

"Sikuipa mahakama," akasema. "Nimekupa wewe."

Mzee Kassim alifariki Rama akiwa ndani bado. Nilikwenda mazikoni Kinondo na mkeka begani, nikarudi nao. Sikuona wa kumkabidhi katika msiba ule. Nikastaafu, nikauhamisha pamoja na kamusi.

Sasa Rama ametoka. Alikuja kwangu wiki iliyopita, ametulia, anaponda kokoto Ukunda. Shamba hakulitaja. Alisema mjomba alimwambia gerezani kwamba mkeka ataurudisha yeye, na kwamba bila hivyo hawezi kuingia Kinondo kwa uso. Kabla hajamaliza chai akaja Mwanatumu, aliyekuwa amesikia kwamba Rama yupo kwangu. Akakaa kiti cha mbele yake. Akasema mkeka ameusuka kwa mikono yake, babake aliuswalia, na kwamba yeye hana kingine chake. Minazi wataiongelea wazee. Hawakupandishiana sauti. Kila mmoja alizungumza nami, si na mwenzake, nami nikajikuta ninageuza kichwa huku na huku, ingawa wote wawili walisema Kiswahili na wote walisikilizana vizuri. Kwa fuko, mrithi ni mtoto wa dada. Kwa sheria ya dini, binti ana fungu lake, na mtoto wa dada hana. Zote mbili nimezitafsiri kwa miaka bila kuulizwa maoni yangu. Nilizoea hivyo, na nilishukuru.

Nimewaambia waje Ijumaa baada ya swala. Hakimu yule alihamishwa bara, Mzee Omari yuko kaburini, na dalali hapaswi kubaki na mali ya watu. Nyinyi mliokaa katika kiti changu mna macho mapya na masikio mawili mazima. Basi nilipeni kwa haya niliyowaandikia. Asili ya neno msinitafutie, hiyo ninayo. Niambieni kabla ya Ijumaa, mlango ukigongwa, mkeka nimwekee nani mkononi.